Chupa Moja ya Bia Yatosha Chungu Kizima

Wahenga walinena kwamba mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali. Bia nayo ni moja, ila mahali pa kuimimina ni pawili: kooni mwa mtu mmoja, au chunguni mwa jamaa nzima.

Katika nchi ya majani chai, kutoka Kericho hadi Bomet, siku ya mshahara ina desturi yake. Moshi wa nyama choma hutanda juu ya vilabu, na baba aliyepokea ujira hula minofu na wenzake, akaiteremsha kwa chupa kadhaa. Nyumbani mama husonga kimyet, watoto wakala kwa sukuma wiki. Si kila baba yu hivyo, lakini msomaji anawajua walio hivyo.

Kosa si la bia peke yake. Wazee wa Kipsigis walikuwa na maiyek, pombe ya nafaka, waliyoinywa kwa mirija mirefu wakiwa wamekizunguka chungu kimoja. Leo kila mtu ana chupa yake, na chungu cha pamoja kimesahaulika. Nashauri kirudi, safari hii kikiwa cha chakula.

Wenyeji wa jimbo la Texas, Marekani, wana mchuzi mzito wa nyama na pilipili uitwao chili, ambao mwaka 1977 ulitangazwa rasmi kuwa chakula cha jimbo lao. Kwingineko huongezwa maharagwe, na wapishi wengi hutia bia. Vyote hivyo vinapatikana katika soko lolote la Kericho.

Loweka vikombe viwili vya maharagwe mekundu usiku kucha, umwage maji yale, kisha uyachemshe katika maji mapya. Yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kwani maharagwe mekundu yasiyoiva yana sumu iumizayo tumbo. Subira inahitajika: Kericho iko kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 93 badala ya 100. Nyanya zisitiwe kabla maharagwe hayajalainika, maana uchachu wake huyafanya yawe magumu.

Katika chungu kingine, kaanga kilo moja ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa vipande vidogo hadi iwe ya hudhurungi. Tia vitunguu vitatu, kitunguu saumu, bizari na pilipili kwa kadiri ya ujasiri wako. Fuatisha nyanya tano na chupa moja ya bia ya nusu lita. Funika, uache itokote polepole kwa saa mbili na nusu. Hata nyama ngumu ya bei nafuu itasalimu amri. Mwishoni changanya na maharagwe yako, utie chumvi.

Hapa pana neno la uaminifu. Watu husema kileo chote huruka na mvuke, si kweli. Vipimo vya wataalamu wa Marekani vilionyesha kwamba baada ya nusu saa jikoni hubaki asilimia 35 hivi ya kileo, na baada ya saa mbili na nusu asilimia 5. Basi mgeni asiyekunywa kwa ajili ya dini, au kwa kuwa aliapa kuacha ulevi, aambiwe kabla hajanawa mikono. Watoto nao wapikiwe chungu kisicho na bia kabisa. Na dawa ya hayo i mlangoni petu: chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari, nayo huupa mchuzi weusi na ukali wa mbali.

Ewe baba mchuma chai, nyama unayoila klabuni ingewashibisha wote nyumbani. Mwisho wa mwezi huu pitia buchani kwanza, uchukue na chupa moja, uelekee nyumbani. Wanao watakumbuka chungu hicho. Chupa za klabu hazikumbukwi na yeyote.