Fahamu: Je, una haki ya kutojibu meseji ya bosi usiku?

Saa tatu usiku, ugali uko mezani, simu inatetemeka. Ni kundi la WhatsApp la kazini: bosi anataka ripoti "fasta". Ujibu au uache?

Ufaransa ilitangulia kulijibu swali hili kwa sheria. Tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi hutakiwa kujadiliana nao kuhusu nyakati za kutosumbuliwa. Mwaka 2021 Ureno ikambana mwajiri mwenyewe: asimtafute mtu nje ya saa za kazi, labda kwa dharura. Australia ikafuata Agosti 2024.

Wanaodhani huu ni uvivu wasome makadirio ya WHO na ILO: kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusishwa na vifo 745,000 vya kiharusi na maradhi ya moyo mwaka 2016 pekee.

Kenya nayo ilijaribu. Seneta Samson Cherargei alileta muswada wa aina hiyo mwaka 2022. Shirikisho la Waajiri likaupinga. Hata ungepita, fundi wa jua kali asingeonja matunda yake, na sekta isiyo rasmi ndiyo yenye zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini humo.