Vitabu vya kale vya Kifaransa: kwa nini maelezo hutangulia bei

Mpaka wa Mpondwe, karibu na Bwera wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, hutenganisha pia lugha za shule: Kiingereza upande wa Uganda, Kifaransa upande wa Kongo. Ndiyo maana kitabu cha kale cha Kifaransa kinaweza kuonekana Kasese kuwa karatasi tu, hata pale kinapoeleza ardhi ya wenyeji wenyewe.

Mfano ni safari ya Henry Morton Stanley, aliyepita chini ya milima ya Rwenzori na kufika kwenye ziwa la chumvi la Katwe mwaka 1889. Tafsiri ya Kifaransa ya kitabu chake, *Dans les ténèbres de l'Afrique*, ilichapishwa na Hachette mjini Paris mwaka 1890, katika juzuu 2 zenye picha na ramani.

Umri pekee haukipi kitabu thamani. Mkusanyaji hunakili kwanza jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, mji na mwaka. Kisha huhesabu juzuu, kurasa, picha na ramani, maana ramani iliyochanwa hushusha bei sana. Hatimaye hutaja kasoro zote: jalada lililobadilishwa, madoa ya maji, matundu ya wadudu.

Muhuri wa maktaba au jina la mwenye kitabu lisifutwe. Alama hizo huonyesha kilikopitia, na zikiwa zimeandikwa, humsaidia mwenyewe kukidai endapo kitaibwa. Asiyeandika maelezo ya kitabu chake humwachia mnunuzi ayaandike, na bei pia.