Umeacha mshahara, umeshika kandarasi? Ile asilimia 5 si kodi yako yote

Ukiwa umeajiriwa, kodi inalipwa kabla hujaiona pesa. Bosi anakata PAYE, SHIF, NSSF na ushuru wa nyumba, kisha salio linaingia kwa simu au benki. Unaweza kulalamika kuhusu makato, lakini kazi ya kuyapeleka si yako. Siku unapotoka na kuanza kufanya kazi kwa kandarasi, jukumu hilo lote linahamia kwako, na hakuna anayekupigia simu kukukumbusha.

Wengi hugundua hilo mwezi wa Juni mwaka unaofuata, wakati wa kuwasilisha ritani, na pesa zenyewe zimeshatumika. Makala hii inakuonyesha unachodaiwa, lini, na jinsi ya kutumia simu yako kujipanga ili usifike huko.

Kile kinachokatwa na mteja

Ukimfanyia mteja kazi ya kitaalamu, kwa mfano uhasibu, usanifu, ushauri au kutengeneza programu, mteja anatakiwa kuzuia asilimia 5 ya malipo yako na kuipeleka KRA. Kwa kandarasi za ujenzi na uhandisi wa majengo na barabara, kiwango ni asilimia 3. Hii ndiyo kodi ya zuio, ambayo kwenye iTax utaiona kama WHT.

Hapa ndipo watu hujikwaa. Mtu anaona 5% imekatwa, anasema, "Kodi nimemaliza." Hapana. Zuio ni malipo ya mapema tu. Kodi yako halisi inapigwa kwa ngazi zilezile za mshahara: asilimia 10 kwa KSh 288,000 za kwanza za mwaka, asilimia 25 kwa KSh 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30 hadi faida ifike KSh milioni 6. Juu ya hapo kuna 32.5% na 35%.

Kila mteja akipeleka zuio, cheti chake kinaingia kwenye akaunti yako ya iTax. Kichukue na ukihifadhi, maana bila hicho huwezi kudai pesa hiyo ipunguzwe kwenye kodi yako. Na kama mteja amekukata lakini cheti hakionekani, muulize mapema. Usingoje Juni.

Tupige hesabu

Tuchukue mtu aliye Nakuru anayefanya kandarasi ya KSh 120,000 kwa mwezi, mwaka mzima.

Mapato ya mwaka: KSh 1,440,000.
Zuio la 5%: KSh 72,000.
Pesa zilizofika kwake: KSh 1,368,000.
Gharama za kazi zenye ankara halali (intaneti, dawati la kukodisha, usafiri wa kwenda kwa wateja): KSh 240,000.
Faida: KSh 1,200,000.

Sasa kodi. Ngazi ya kwanza ni 28,800. Ya pili ni 25,000. Zilizobaki 812,000 kwa asilimia 30 ni 243,600. Jumla ni KSh 297,400. Toa msamaha wa kibinafsi wa KSh 28,800 kwa mwaka, unabaki na 268,600. Toa zuio la 72,000 lililokwisha kulipwa.

Bado anadaiwa KSh 196,600. Hiyo ni zaidi ya KSh 16,000 kila mwezi, pesa ambazo zilipita mkononi mwake zikionekana kuwa zake. (Hatujaondoa SHIF na ushuru wa nyumba, ambavyo tangu mwisho wa Desemba 2024 hupunguza mapato yanayotozwa kodi, kwa hiyo deni halisi litashuka kidogo.)

Na kama unafanya kandarasi huku bado umeajiriwa? Mshahara wako umeshatumia zile ngazi za chini na ule msamaha. Ukilipwa zaidi ya takriban KSh 32,000 kwa mwezi, faida ya kandarasi inaingia moja kwa moja kwenye asilimia 30.

Ankara ya eTIMS ni pesa

Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS haikubaliwi kupunguza kodi, isipokuwa zile chache ambazo sheria imezisamehe. Rudi kwa mtu wetu wa Nakuru. Akipoteza ankara zake zote za KSh 240,000, faida inapanda hadi milioni 1.44 na kodi inaongezeka kwa KSh 72,000. Ni kama amelipa zuio la mwaka mzima mara ya pili, kwa sababu ya karatasi tu.

Kwa hiyo unaponunua kitu cha kazi, toa PIN yako ya KRA na uombe ankara ya eTIMS palepale. Ujumbe wa simu unaosema umelipa unaonyesha pesa ilitoka, lakini hausemi ulinunua nini wala kwa kazi gani. Vyote viwili viweke pamoja.

Wewe pia lazima utoe ankara ya eTIMS kwa wateja wako. Huhitaji mashine ya bei. Mfanyabiashara mdogo anaweza kutumia *222# kwenye simu ya kawaida, au njia ya mtandaoni. Kampuni nyingi siku hizi hazilipi invoisi isiyo ya eTIMS, maana nazo zitakosa kudai gharama hiyo.

Jambo moja kuhusu vifaa: kompyuta haiondolewi yote mara moja. Unadai asilimia 25 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Ya KSh 80,000 inakupa 20,000 mwaka wa kwanza, 15,000 wa pili, na kuendelea hivyo.

"Si nilipe tu ile ya asilimia 3?"

Swali hili tunaulizwa sana. Kodi ya mauzo, TOT, ya asilimia 3 inahusu biashara zenye mauzo kati ya KSh milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Mwenye duka anaweza kuitumia. Lakini sheria inaziondoa ada za kitaalamu, za usimamizi na za mafunzo. Kama unauza utaalamu wako, TOT si yako, hata kama rafiki yako wa duka anaisifu.

VAT nayo inakuhusu mauzo yako yanayotozwa VAT yakifika KSh milioni 5 ndani ya miezi 12. Ukishasajiliwa, unaongeza 16% kwenye ankara na kuiwasilisha kufikia tarehe 20 ya kila mwezi. Hiyo 16% si mapato yako, umeishikia serikali tu.

Makato mengine hayajaisha

SHIF: Kwa asiye na mshahara, mchango unakadiriwa kwa asilimia 2.75 ya mapato ya nyumba, si chini ya KSh 300 kwa mwezi, na unalipwa wa mwaka mzima kwa pamoja. Ukikaa bila kulipa, utajua siku mtoto amelazwa.

Ushuru wa nyumba: Asilimia 1.5 ya mapato yako ghafi. Mwajiri aliyekuwa akiongeza 1.5% yake hayupo tena.

Pensheni: NSSF inapokea michango ya hiari kutoka kwa waliojiajiri. Michango kwa mfuko uliosajiliwa, hadi KSh 30,000 kwa mwezi, hupunguza mapato yanayotozwa kodi. Hapa unajiwekea akiba na kupunguza kodi kwa wakati mmoja.

HELB: Kama mkopo ulikuwa ukikatwa kwenye mshahara, sasa lipa mwenyewe. Deni halikuacha kazi pamoja nawe.

Ndiyo maana usilinganishe mshahara wa 100,000 na kandarasi ya 120,000 ukaruka kwa furaha. Mwajiriwa ana angalau siku 21 za likizo yenye malipo kwa mwaka, likizo ya ugonjwa, na mchango wa NSSF wa mwajiri. Kwenye kandarasi, mwezi usiofanya kazi ni mwezi usiolipwa. Piga hesabu ya miezi 11 au 10, si 12, kabla hujataja bei.

Angalia pia kama kweli umekuwa mwanakandarasi. Ukirudi kwa dawati lilelile, saa zilezile, chini ya msimamizi yuleyule, kilichobadilika ni jina la mkataba tu. KRA na mahakama hutazama hali halisi ya kazi. Usikubali kupoteza likizo na NSSF ili mwajiri apunguze gharama zake.

Panga pesa kwenye simu

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari lako la kwanza ni simu.

1. Tenga laini au nambari ya Till kwa ajili ya kazi peke yake. Mchango wa harusi, pesa ya chama na mkopo wa ndugu visiingie hapo. KRA ikikukagua inaweza kulinganisha pesa zilizoingia na mapato uliyotangaza, na ni wewe utakayetakiwa kueleza kila shilingi.

2. Kila malipo yakiingia, hamisha asilimia 20 siku hiyohiyo kwenye akiba usiyoigusa. Mtu wetu wa Nakuru anapokea KSh 114,000 kwa mwezi baada ya zuio. Asilimia 20 ni 22,800. Kodi yake ni takriban 16,400, SHIF 3,300 na ushuru wa nyumba 1,800. Jumla 21,500. Inatosha, na kidogo kinabaki. Kama gharama zako ni ndogo au mapato ni makubwa, panda hadi 25% au zaidi.

3. Pakua taarifa ya miamala kila mwezi na uiweke na ankara zako. Kumbukumbu za kodi zinatakiwa kutunzwa miaka 5.

4. Ukilipa kodi, anza iTax upate hati ya malipo. Tumia Paybill na nambari ya malipo zilizo kwenye hati hiyo, si zile ulizotumiwa na mtu kwa WhatsApp. Na hakuna afisa yeyote anayehitaji PIN yako ya siri ya simu.

Tarehe za kuandika ukutani

20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba, 20 Desemba: kodi ya awamu, robo kila mara, kama kodi ya mwaka utakayobaki ukidaiwa inazidi KSh 40,000.
30 Aprili: salio la kodi ya mwaka uliopita.
30 Juni: ritani.

Ukichelewesha ritani, faini ni KSh 2,000 au asilimia 5 ya kodi inayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi. Ukichelewa kulipa kodi yenyewe, ni 5% pamoja na riba ya 1% kila mwezi. Na usithubutu kuwasilisha ritani ya sufuri eti kwa sababu huna mshahara. Cheti cha zuio kimeshawaambia KRA kuwa ulilipwa.

Kwa mwaka ule uliohama katikati, mshahara na kandarasi vinaingia kwenye ritani moja. Kwa hiyo kabla hujarudisha kadi ya kuingilia ofisini, dai fomu ya P9 na barua ya malipo yako ya mwisho. Ni rahisi kuzipata ukiwa bado unajulikana pale kuliko miezi kumi baadaye, wakati aliyekuwa akishughulikia mishahara naye ameshahama.