Trei za mayai hazizuii besi

Juzi nimeulizwa tena: trei ngapi za mayai zinatosha kubandika chumbani ili besi isimfikie jirani? Muulizaji anaishi Bredäng, kusini-magharibi mwa Stockholm, kwenye mojawapo ya maghorofa marefu ya zege ya miaka ya 1960, wakati ule treni ya chini ya ardhi ilipofikishwa huko, mwaka 1965. Anataka amplifaya ya gitaa la besi ya kufanyia mazoezi nyumbani, lakini ameanza na trei. Jibu ni sifuri. Bandika mpaka darini, jirani atasikia vilevile.

Imani hii tumekuja nayo kutoka nyumbani. Studio nyingi za mtaani, Dar es Salaam hadi Nairobi, zimepigwa trei ukutani, na ukiingia humo ukapiga makofi utasikia mwangwi umepungua. Hilo ni kweli. Kosa linaanza mtu anapodhani kwamba sauti isiyo na mwangwi ndani haitoki nje. Kupunguza mwangwi ni kazi ya kitu laini chenye vitundu. Kuzuia sauti isipite ni kazi ya uzito, na ya kutenganisha chumba na jengo lenyewe. Ni mambo mawili yasiyohusiana, na nimechoka kuona watu wakiyachanganya kwa gharama zao.

Tazama uzito. Ukuta wa zege wenye unene wa sentimita 16 una takribani kilo 380 kwa kila mita ya mraba. Trei za karatasi za kufunika eneo hilo hazifiki hata kilo moja. Ukuta wenyewe unapitisha besi pamoja na uzito wote huo. Hicho kikaratasi kitaongeza nini? Hata ungeujenga upya kwa uzito maradufu, ungepata nafuu ya desibeli sita hivi tu.

Halafu kuna urefu wa wimbi. Uzi wa E ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde (Hezi 41), na wimbi lake hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Kitu laini kinachotaka kulinyonya sawasawa kinahitaji unene wa karibu robo ya urefu huo, yaani mita mbili. Trei ina kina cha sentimita tano hivi. Inachopunguza ni sauti za juu, kama matoazi. Besi inapita kana kwamba hakuna kitu.

Anayebisha ampe mwenzake gitaa apige uzi wa E, yeye atoke kwenye ngazi za jengo na kuweka kiganja ukutani. Mkono utamjibu. Amplifaya iliyokaa sakafuni husukuma mtetemo moja kwa moja ndani ya zege, na zege huupeleka juu, chini na pembeni. Njia hiyo haipiti kwenye trei kabisa.

Na tafadhali, usikimbilie sponji za magodoro. Mwaka 2003, katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani, watu 100 wakafa. Karatasi kavu nayo inashika moto upesi. Chumba unachotaka kukivisha hivyo ndimo wanamolala watoto.

Jirani naye ana haki. Folkhälsomyndigheten, mamlaka ya afya ya umma ya Sweden, imeitengea sauti nzito jedwali lake, kuanzia Hezi 31.5 hadi 200, kwa sababu kipimo cha kawaida cha kelele huipunja besi. Kwenye Hezi 40 kiwango ni desibeli 49. Kwenye Hezi 80, desibeli 40. Anayelalamika hakuchukii. Anasikia.

Basi nunua hivi. Wati zisikusumbue: amplifaya ya wati 100 iliyopunguzwa ni kimya sawa na ya wati 15, na kwa nyumbani 20 hadi 40 zinatosha. Cha kwanza kukagua ni tundu la hedifoni. Kama halipo, rudisha rafuni. Spika ya inchi 8 ndiyo ifaayo ghorofani, kwa kuwa haina nguvu ya kusukuma zile Hezi 41, nawe utaisikia noti tu, maana sikio huijaza kutokana na sauti zilizo juu yake. Fender Rumble 25 na Ampeg BA-108 ni za aina hiyo, na zote zina tundu la kuingizia muziki wa simu. Iinue juu ya stuli, iondoe pembeni mwa chumba, shusha kitufe cha besi, pandisha cha kati: besi ya Tom Malanga kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika inaeleweka hata kwenye redio ndogo, kwa sababu sauti ya kati ipo. Ikifika saa nne usiku, vaa hedifoni zinazofunika sikio zima. Pesa ikiwa kidogo, acha amplifaya kabisa, chukua Vox amPlug uichomeke kwenye gitaa. Hata James Jamerson, mpiga besi wa Motown, alirekodi kwa kuchomeka gitaa moja kwa moja kwenye mitambo ya studio. Ukitaka kupiga kwa sauti kubwa pamoja na bendi, waulize ABF au Studiefrämjandet, vyama vya elimu ya watu wazima, wakupatie chumba cha mazoezi.