Daraja la Mto Kwai na Mifereji ya Hola: Nani Huitwa Mateka wa Vita?

Filamu ya The Bridge on the River Kwai, iliyoongozwa na David Lean mwaka 1957, inaanza na swali la kisheria: je, aliyetekwa vitani anaweza kulazimishwa kumfanyia kazi aliyemteka? Kanali Nicholson, anayeigizwa na Alec Guinness, anafika na kikosi chake katika kambi ya Wajapani msituni. Mkuu wa kambi, Kanali Saito, anaamuru maafisa washike majembe pamoja na askari wa kawaida ili daraja la reli likamilike kwa wakati. Nicholson anakataa. Anatoa nakala ya Mkataba wa Geneva na kuonyesha kifungu kinachowakinga maafisa na kazi za mikono. Saito anamzaba usoni kwa kitabu hichohicho, kisha anamfungia ndani ya kibanda cha bati juani.

Mtazamaji anajua yuko upande wa nani. Nicholson anatoka kibandani akipepesuka, midomo imekauka, lakini hajasalimu amri. Anayesalimu amri ni Saito. Filamu hiyo ilipata tuzo saba za Oscar, na sehemu hii yake ni kama ushahidi kwamba mtu aliyenyang'anywa kila kitu bado anaweza kusema hapana.

Miezi kumi na saba hivi baada ya filamu hiyo kuanza kuonyeshwa London, wanaume wengine walisema hapana katika kambi nyingine ya kando ya mto. Mto huo ni Tana.

Anayetoka Garsen akapitia Minjila na kushika barabara ya Garissa hufika Hola, makao makuu ya Kaunti ya Tana River. Ni nchi ya joto kali na mbu, yenye Wapokomo wanaolima kingo za mto na Waorma wanaochunga ng'ombe. Baada ya Gavana Evelyn Baring kutangaza Hali ya Hatari Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilijenga hapa kambi ya watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau, harakati ya silaha dhidi ya ukoloni. Wakati huohuo ulikuwapo mpango wa kuchimba mifereji ya kunyunyizia mashamba maji ya Tana, na wafungwa wa kizuizini ndio waliotakiwa kutoa jasho.

Sehemu iliyofungwa ya kambi ilikuwa ya wale ambao wakubwa waliwaita sugu. Hawa walikataa kazi. Hoja yao haikuwa ngumu kuelewa: hawakuwa wezi wala wauaji waliohukumiwa na mahakama, bali walikuwa wafungwa wa kisiasa. Kwao, kushika jembe kwa amri kulikuwa sawa na kukiri kosa. Ni hoja ya Nicholson, ila hawakuwa na kitabu cha kutoa mfukoni.

Kwa nini hawakuwa nacho? Uingereza ilituma Kenya vikosi vya jeshi na ndege za kuangusha mabomu msituni, lakini haikukubali kuyaita mapigano hayo vita. Yaliitwa uasi na uhalifu. Jina lilikuwa na kazi yake: pasipo vita hapana mateka wa vita, na asiye mateka wa vita hana haki za mateka. Hata hivyo, Mikataba ya Geneva ya 1949 ina kifungu cha tatu kinachogusa mapigano ya ndani ya nchi, na kinakataza kumtendea ukatili mtu aliyekwisha kukamatwa. Uingereza iliiridhia mikataba hiyo Septemba 1957. Filamu ya Lean ilianza kuonyeshwa London Oktoba mwaka huohuo.

Ili kuwavunja waliokataa, ofisa wa magereza John Cowan aliandika mpango. Ulitaka watolewe kwa makundi madogo chini ya askari wa kutosha, na anayegoma asukumwe kwa nguvu mpaka afanye kazi. Machi 3, 1959, mkuu wa kambi, Michael Sullivan, aliwatoa wanaume 85 kwa mkupuo. Walipokataa kuchimba, askari jela waliwashukia kwa virungu. Watu 11 walikufa, na makumi ya wengine wakabaki na majeraha mabaya.

Kilichofuata kinastahili kutazamwa kwa karibu. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema wanaume hao walikufa baada ya kunywa maji ya mkokoteni uliopelekwa kazini. Lakini maji hayohayo waliyanywa askari pia. Hakimu W. H. Goudie alipochunguza vifo hivyo, ushahidi wa madaktari ulionyesha miili iliyojaa alama za kipigo. Uongo ulianguka. Usiku wa Julai 27, katika Bunge la Uingereza, Enoch Powell, mbunge wa chama tawala chenyewe, aliishutumu serikali yake akisisitiza kwamba haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha uwajibikaji nyumbani na kingine Afrika. Miezi michache baadaye, Januari 1960, Hali ya Hatari iliondolewa. Lakini hakuna aliyeshtakiwa mahakamani kwa vifo vya Hola.

Turudi kwenye filamu, maana nusu yake ya pili ina funzo ambalo wa Hola walilijua mapema. Baada ya kushinda, Nicholson anaanza kulipenda daraja. Anataka lijengwe vizuri, liache jina. Anasahau kwamba reli hiyo itabeba silaha za adui, na anakumbuka akiwa amechelewa. Mifereji ya Hola nayo haikuwa kitu kibaya machoni. Maji shambani ni neema, na baada ya uhuru mradi ule ulilima pamba kwa miaka mingi, hadi Tana ilipohama mkondo mwaka 1989 na kuziacha pampu bila maji. Waliokataa hawakupinga mifereji. Walipinga kuambiwa kwamba kazi njema inahalalisha shuruti.

Filamu pia ina pengo kubwa. Reli halisi ya Thailand na Burma iliua zaidi ya mateka 12,000 wa mataifa ya Magharibi, lakini vibarua wa Kiasia waliokufa walikuwa wengi mara kadhaa kuliko hao. Kwenye filamu hawana jina wala kisa. Asiyekuwapo na lake halipo. Huo ndio upungufu wa filamu nyingi za kambi za mateka: heshima humwendea yule ambaye sheria ilikwisha kumtambua, na aliyeachwa nje ya sheria huachwa nje ya picha pia.

Wa Hola walikaa nje kwa zaidi ya miaka hamsini. Wambugu wa Nyingi, mmoja wa Wakenya walioishtaki serikali ya Uingereza, alieleza alivyopigwa Hola hadi kuzirai, akalazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Oktoba 2012 Mahakama Kuu ya London iliruhusu kesi iendelee, na Juni 2013 serikali hiyo ikatangaza fidia ya pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228, ikisema inajutia mateso yale.

Sinema haijafika mbali hivyo. The First Grader, ya mwaka 2010, ilionyesha mateso ya kambi kupitia kumbukumbu za Mzee Kimani Maruge, aliyewahi kuwa kizuizini, lakini Hola yenyewe haijapata filamu yake kubwa. Watengenezaji filamu wetu wanacho kisa chenye mto, joto, amri, kukataa, uongo na ukweli uliojitokeza. Wasisubiri kitengenezwe ng'ambo. Waende Hola, wakiandike kwa lugha zilizosemwa kambini, na filamu hiyo ionyeshwe kwanza Garsen na Hola.