Kutoka Keringet hadi Bamburi: Bahari haina kiingilio, ila ina saa zake

Mtoto aliyezaliwa Keringet huijua baridi kabla hajalijua jina lake. Huko Kuresoi Kusini, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, sweta huvaliwa Januari hadi Desemba, na maji aliyoyazoea mtoto ni ya kijito kinachopita kati ya mashamba ya chai na viazi. Ndiyo sababu likizo inapobisha hodi na baba akatamka neno Mombasa, nyumba nzima hukosa usingizi.

Safari yenyewe siku hizi si ya kutisha. Familia huteremka kwa matatu hadi Nakuru, ikashika njia ya Nairobi, kisha ikapanda gari la moshi la Madaraka Express kule Syokimau. Reli hiyo iliyozinduliwa Mei 31, 2017 ina urefu wa kilomita 472 hadi Mombasa. Nauli ya daraja la kawaida ilipandishwa Januari 2024 kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500, na watoto wadogo hulipiwa nusu. Mzazi mwenye hekima hukata tiketi mapema kwa simu, kwa maana Desemba ikianza viti huisha kama mahamri ya asubuhi. Ukishuka Miritini, matatu zitakuingiza mjini, ukavuka daraja la Nyali na kushika barabara ya Malindi hadi Bamburi.

Hapo ndipo ulipo Ufuo wa Umma wa Jomo Kenyatta, ambao wengi huuita Pirates. Mchanga ni mweupe na huduma ni tele. Kuna ngamia wa kupanda, mashua zenye sakafu ya kioo za kukutazamisha samaki na matumbawe, tyubu za magurudumu za kukodi, nguo za kuogelea za kukodi na wapiga picha wasiokubali jibu la hapana. Ukiwa na njaa, utapata viazi karai, kachiri za muhogo, achari ya embe na madafu. Bei ni ya mapatano. Patana kabla mtoto hajapanda ngamia. Akishapanda, mwenye ngamia ndiye mwenye neno.

Walio na uwezo wa kuzuru Ulaya husimulia fuo za bahari ya Mediterania zilivyopangwa. Mjini Rimini, Italia, ambako kituo cha kwanza cha kuogea baharini kilifunguliwa mwaka wa 1843, miavuli husimama safu kwa safu kama askari wa gwaride, kila familia na mahali pake pa kukodi, bafu na bembea za watoto karibu, na mwokoaji juu ya kiti chake kirefu. Ni raha, lakini kivuli hicho hulipiwa.

Sisi tuna neema ambayo wengi hawaijui. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka wa 2010 chasema kuwa ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mtoto wa mkulima wa viazi ana haki ya kukanyaga mchanga huo sawa na mgeni aliyelala katika hoteli iliyo jirani.

Lakini hebu zitazame tena alama hizo mbili, kwani zina habari nyingine. Mediterania ni bahari iliyozungukwa na nchi, na katika sehemu zake nyingi maji hayapandi wala kushuka sana. Mwavuli uliosimikwa asubuhi utaukuta mahali pake jioni. Bahari ya Hindi haina tabia hiyo. Mombasa maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Hicho ni kimo cha nyumba ya kawaida hadi darini!

Hapo ndipo familia za bara hunaswa. Maji yakipwa, mtu huona mchanga na mawe yakienda mbali kuelekea mwamba wa matumbawe ambapo mawimbi makubwa huvunjikia. Watoto hufuata kaa na konokono, mguu kwa mguu, hadi sauti ya mama haiwafikii. Maji yanaporudi hayaji na kishindo. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yao, na njia waliyopitia wakiwa wamelowa vifundo huwa ya kiunoni, kisha ya shingoni. Keringet imemlea Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 mwaka wa 2016, 2021 na 2024, na si ajabu vijana wa huko hujiamini miguu. Majini, kwa asiyejua kuogelea, miguu hiyo haina kazi.

Tyubu nayo ina udanganyifu wake. Humwelesha mtoto vizuri sana, na upepo wa nchi kavu ukivuma humwelesha mpaka kilindini. Mwandishi huyu angekuwa na mamlaka, kila anayekodisha tyubu angetakiwa kukodisha pia jaketi ya kuokolea.

Kwa hiyo ukifika, kabla ya kuuliza bei ya ngamia, muulize mwokoaji au mvuvi maswali mawili: maji yanajaa saa ngapi, na mipaka ya kuogelea ni ipi. Jibu la jana halifai leo, kwa kuwa saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku. Ukitaka kupanga ukiwa ungali nyumbani, tazama mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku zinazofuata ni za bamvua. Ukiwa nusu, ni maji mafu, yaani kujaa na kupwa ni kwa kadiri, na hizo ndizo siku za watoto wadogo.

Msimu nao una lake. Desemba hadi Machi ni kaskazi: joto kali na bahari tulivu. Likizo ya Agosti huangukia kusi, mawimbi yakiwa makali zaidi na mwani umerundikana ufuoni. Siku ya Krismasi na ya Mwaka Mpya umati ni wa kutisha, na mwokoaji hawezi kuhesabu vichwa vyote. Mzazi mmoja abaki majini na watoto, wa pili mchangani akiwatazama, simu ikiwa mfukoni. Nguo za rangi kali, nyekundu au manjano, husaidia. Buluu humezwa na maji.

Jambo dogo kwa wanaofungasha mizigo: tangu Juni 5, 2020 plastiki ya kutumika mara moja imepigwa marufuku katika fuo na mbuga. Yale maji ya chupa yaliyolifanya jina la Keringet lijulikane madukani yamiminwe katika chupa ya kudumu kabla ya kuteremka ufuoni.