Unyevu wa Majira ya Joto na Hati za Wazee Wetu



Katika nyumba nyingi za watu wetu hapa Karama mna mkoba au sanduku lenye vyeti vya kuzaliwa vya Unguja, hati za ndoa, paspoti za kabla ya 1964 na picha za wazee waliotutangulia. Aghalabu hazina nakala ya pili. Mimi nimefanya kazi ya ukarani miaka mingi, na najua kwamba karatasi huharibiwa na hewa ya unyevu hata pasipo bomba linalovuja.

Kuanzia Juni hadi Septemba bahari hutuletea hewa ya moto iliyojaa maji. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 30 huweza kubeba gramu 30 hivi za maji. Ikipoa hadi nyuzi 20 haiwezi kubeba zaidi ya 17. Kinachozidi hutua juu ya kitu cha baridi: kioo, ukuta, mgongo wa kabati. Hapo ndipo koga huota.

Wengine huuliza, je, kiyoyozi hakitoshi? Kiyoyozi hukausha hewa, lakini chumba kikishapoa hukata, na kukausha nako husita. Kwetu Unguja tulifungua madirisha upepo upite. Hapa, kufungua dirisha usiku wa Agosti ni kuukaribisha unyevu ndani.

Mashine ya kupunguza unyevu huvuta hewa kwa feni na kuipitisha kwenye mabomba ya baridi. Maji hudondokea ndooni, na hewa kavu hurudi chumbani ikiwa na joto kidogo. Bili ya umeme itapanda kiasi, kwa hiyo itumieni kwa mpango:

1. Nunueni kwanza kipimo cha unyevu. Ni kidogo na bei yake si kubwa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linashauri unyevu wa nyumbani uwe kati ya asilimia 30 na 50, usifike 60. Mimi nimeitega mashine yangu kwenye 50.

2. Iwekeni chumba chenye makaratasi, mbali kidogo na ukuta, milango na madirisha yakiwa yamefungwa.

3. Mwageni maji kila siku na msafishe chujio. Maji hayo si ya kunywa.

4. Sanduku lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje.

Mkisafiri Julai kwenda Unguja au Maskati, kumbukeni kwamba ndoo ikijaa mashine husimama. Zikausheni hati kwanza, kisha zitieni katika kasha lisilopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Karatasi iliyokwisha ota koga msiipanguse kwa kitambaa chenye maji. Iacheni ikauke katika chumba kikavu, kisha ipeni brashi laini taratibu, nje ya nyumba, mkiwa mmevaa barakoa. Picha zilizogandana msizibandue kwa nguvu. Mpelekeeni fundi anayejua kazi hiyo.

Mwisho, wakati sanduku limefunguliwa, waiteni wajukuu wazipige picha hati zote kwa simu, na nyuma ya kila picha ya zamani andikeni kwa penseli majina ya waliomo. Mashine huokoa karatasi. Majina tunayajua sisi wazee tu.